Farasi wa Goodson Ameingia Ziwani

Wiki nzima mmenisumbua. Kuna mama mmoja soko la Kashikishi alishika samaki wangu mkononi, akakataa kunifungia mpaka nimwambie kama Dédé amekufa au hajafa. Sikumwambia. Nilienda kununua kwa jirani yake, na huyo mama mpaka leo hanisalimii. Haya, tulieni. Jibu liko humu humu.

Tulipoachana, Mwela alikuwa ametimka. Mwela ni farasi wa Bwana Goodson, mwenye maboti na malori ya samaki pale Nchelenge, na jina hilo kwa Kibemba ni upepo. Goodson alimleta kutoka shamba moja huko kusini kwa sababu moja tu: Jumamosi anamwoa Mirriam, na anataka kufika kanisani juu ya farasi, watu wa kando yote ya ziwa wakimtazama. Mnyama mwenyewe mwoga kupita kiasi. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, anaruka. Mtu akipiga chafya, anavunja ua. Ndiyo maana alitafutwa Kapinga, mama mkimbizi kutoka Kongo, aliyekulia Lubumbashi kwenye mazizi ya farasi pamoja na marehemu baba yake, aje amtulize.

Asubuhi ile Kapinga alikuwa ameshatia mguu kwenye chuma cha tandiko, ampande yeye kwanza kabla Goodson hajajaribu. Mara Dédé, mdogo wake, akatoka mbio nyuma ya vibanda akipiga kelele, akaidaka kamba ya farasi na kuizungusha mkononi. Kapinga akaanguka chali. Farasi akaruka. Na Dédé, kamba imemkaba kifundo cha mkono, akaburutwa.

Sasa twende.

"Wacha kamba! Dédé, wacha kamba!" Kapinga alipiga kelele, mchanga bado mdomoni.

Angeiacha vipi? Ilikuwa kamba ya wavu, nailoni, na nailoni ikishajikaza kwenye nyama ya mtu haisikii maombi. Dédé alipita katikati ya chisense walioanikwa juani, wale samaki wadogo wadogo, akawafagia kwa mgongo. Wanawake waliokuwa wakiwageuza walitawanyika wakiita mama zao. Halafu bega lake likagonga mtumbwi, na uso ukafuata. Kipande cha sikio kilibaki kwenye msumari.

Mwela hakujua kwamba anamburuta mtu. Alichojua ni kwamba kitu kizito kinamfuata, kinapiga kelele, na kila akiongeza mbio nacho kinaongeza. Upande mmoja lilikuwa limeegeshwa lori la Goodson, na dereva wake, Mpundu, mtu ambaye Mungu alimnyima akili akampa misuli, akadhani anasaidia: akabonyeza honi. Njia iliyobaki ikawa moja tu. Farasi akageuka, akaingia ziwani.

Maji yakamfika magotini. Yakamfika kifuani. Dédé alizama, akaibuka, akazama tena.

Kapinga aliwakimbilia majini huku analia, na aibu hakuwa nayo. Dédé ndiye mtu pekee wa damu yake aliyebaki chini ya jua. Wengine wote aliwazika Kongo, au hakupata hata nafasi ya kuwazika. Mkimbizi akibaki na ndugu mmoja, huyo ndugu ndiye nyumba, ndiye kijiji, ndiye nchi. Akimpoteza, arudi kambini kwa nani?

"Mumuzunguke! Mitumbwi, mumuzunguke haraka!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Jairos, mkubwa wa wavuvi, baba wa watu mwenye mabega ya kuziba mlango. Mitumbwi yake ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kazini. Vijana wake wakaigeuza bila kuuliza, wakaenda mbio kumzunguka farasi, na wavu wakaumwaga nyuma yao.

Sasa nisikilizeni nyinyi msiokaa kando ya Mweru. Huku kuna uvuvi unaitwa kutumpula. Serikali inaukataza, na kila mtu anaujua. Unazungusha wavu, kisha unakamata mti mrefu wenye kichwa kipana kama kikombe kilichofunikwa, unapiga nao maji kwa nguvu zako zote. Gu! Gu! Gu! Samaki wakisikia huo mshindo wanachanganyikiwa, wanakimbia, wanajitia wavuni wenyewe. Wavuvi hawa wamezaliwa wakiusikia. Kiumbe akiwa majini na unataka kumpeleka mahali, unampigia maji. Njia nyingine hawajafundishwa.

Basi wakampigia farasi maji.

Gu! Gu! Gu!

Mama yangu! Mwela alisimama kwa miguu ya nyuma, akapasua wavu kwa kwato, akaugonga mtumbwi wa kwanza ukapinduka na watu wake. Kijana mmoja aliibuka taya limekaa upande. Wengine wakaona farasi amekaidi, kwa hiyo wakapiga zaidi. Farasi akawapa mgongo, akaelekea kwenye maji meusi, kule ambako hata Jairos hagusi chini. Nyuma yake Dédé alionekana mkono tu.

"Muwache! Muwache kupiga!" Kapinga alilia. Nani amsikie?

Aliokota kasia lililokuwa linaelea. Mpigaji aliyekuwa karibu naye alikuwa Ngosa, kijana mpole, mwimbaji wa kwaya. Kapinga alimtandika kasia shingoni. Ngosa akaangukia ndani ya mtumbwi bila hata kusema aa.

Jairos akaruka majini, akamfikia, akamkamata nywele.

"Iwe mama! Unapiga batu bangu? Tunakusaidia, na weye unatupiga?"

"Ule haiko samaki!" Kapinga alimfokea usoni, mate yakamrukia. "Samaki akisikia kelele anaingia mu wavu. Farasi akisikia kelele anakimbilia kule hasikii kelele. Na kule ni wapi? Angalia! Angalia, Papa Jairos! Kule ni wapi?"

Jairos aliangalia. Mbele ya farasi hapakuwa na mtu, wala mtumbwi, wala kitu. Ni ziwa tu mpaka Kongo.

"Yangu!" alisema, kama Wabemba wanavyosema wakishtuka, na mkono ukaachia nywele. Kisha akanguruma: "Wacheni! Nani anapiga tena nitamukata mukono!"

Mshindo ukakatika. Farasi akasimama, maji yamemfika juu ya kifua, anatetemeka, macho yametoka. Dédé aliibuka, akavuta pumzi moja yenye damu na maji ndani yake. Yuko hai! Kapinga aliona kwa macho yake kwamba yuko hai.

Na papo hapo bunduki ikalia.

Goodson alikuwa ameingia majini na suruali yake ya suti, ile ya kujaribia harusi, amebeba bunduki ya kuwindia bata. Risasi ya kwanza ilichana maji pembeni. Mwela alipiga mlio ambao watu wa Nchelenge hawajawahi kuusikia kwa mnyama, akarusha miguu, na kwato ikampata Dédé mbavuni.

"Toka mu njia!" Goodson alipiga kelele. "Huyu farasi eko na pepo! Namumaliza leo!"

"Ukimuua anazama!" Kapinga alimjibu. "Akizama anakwenda na ndugu yangu! Patron, nakuomba! Nakuomba!"

Goodson akalenga tena. Sijui kama alikuwa mbaya au alikuwa na woga tu. Mtu mwenye woga akipewa bunduki, tofauti siioni. Jairos ndiye aliyemfikia. Alishika mtutu, akausukuma juu, risasi ikaenda kwa Mungu. Goodson akampiga ngumi ya koo. Jairos hakurudisha ngumi. Alirudisha kichwa. Kilitua katikati ya uso wa Goodson, pua ikavunjika, na watu waliokuwa nchi kavu waliisikia. Bunduki ikazama. Bwana harusi alikaa majini, damu inamtiririka kwenye shati jeupe.

"Ntakukumbuka, Jairos," alisema puani.

"Unikumbuke," Jairos alijibu. Kisha akamgeukia Kapinga, sauti imeshuka. "Mama, fanya ile unajua. Lakini ufanye mbio, ule mutoto anakwisha."

Mbio! Ndiyo kazi ilipokuwa ngumu. Dédé alikuwa na pumzi chache, na farasi aliyeogopa hakimbiliwi. Ukimwendea mbio, anajua umekuja kumla. Ukimtazama machoni, anajua hivyo hivyo. Baba yake Kapinga alimfundisha: mpe ubavu, usimpe uso. Nenda kana kwamba unaenda kwingine. Akikutazama, simama. Akishusha kichwa, rudi nyuma hatua, umlipe. Na umtajie chakula, kwa sababu mtu hawezi kutaja chakula na sauti ya hasira.

Kapinga alisahau yote hayo. Nani angeyakumbuka, ndugu yake anakunywa ziwa mbele yake? Alimwendea moja kwa moja, mikono mbele, anaita "Mwela, Mwela," na sauti ilikuwa ya mtu anayelia.

Mguu wa mbele ulitoka majini akauona akiwa amechelewa. Ulimpata juu ya titi la kushoto. Mfupa wa bega ulikatika kama kijiti cha kuwashia moto. Alienda chini, akanywa maji, akapapasa mchanga, akasimama. Alitema jino. Aliona watu nchi kavu wamejishika vichwa, na aliona kwamba farasi amesogea mbele zaidi.

Hapo akaogopa kweli. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba yeye, mikono yake mwenyewe, ndiyo itammaliza Dédé.

Akageuka. Akampa farasi mgongo.

"Anafanya nini?" mtu aliuliza nchi kavu.

"Amekata tamaa," mwingine alijibu.

"Funga mudomo!" Jairos alisema.

Kapinga alipumua kwa nguvu kupitia puani, pumzi ndefu, kama farasi anayekula majani bila wasiwasi. Akapumua tena. Mkono wa kushoto ulining'inia, mkono wa kulia ukatulia pajani. Akaanza kurudi kinyumenyume, kwa pembeni, macho majini, anataja vyakula vya kwao kwa sauti ya chini kabisa.

"Bukari… bukari ya muhogo… na sombe. Sombe ya kutwanga muzuri, na mafuta ya ngazi. Tungulu. Chumvi kidogo. Makobo ya kuchoma, ile ya mafuta…"

Nyuma yake maji yalitulia kidogo. Alisikia farasi anapuliza. Alijua, bila kugeuka, kwamba sikio moja limemgeukia. Akasimama. Dédé alikohoa mahali fulani, kikohozi dhaifu, na kila kiungo cha Kapinga kilitaka kukimbia. Hakukimbia. Machozi yalimtoka, na sauti haikubadilika.

"Ndizi. Ndizi ya kukaanga. Karanga. Mukate ya moto, na chai ya maziwa…"

Akarudi hatua. Akasimama. Akarudi. Mpaka pumzi ya moto ikamgusa shingoni.

Hakugeuka upesi. Alinyanyua mkono wa kulia polepole, akaupeleka nyuma, akagusa shingo iliyolowa. Ngozi ilirukaruka chini ya vidole vyake. Akakuna pale mwanzo wa mgongo, mahali farasi wanapokunana wenyewe kwa wenyewe. Mwela alishusha kichwa. Watu wengine walianza kupumua.

"Kamba," Jairos alisema kwa kunong'ona. "Mama, kamba iko wapi?"

Kamba ilitoka kwenye kichwa cha farasi, ikashuka majini, ikapita katikati ya miguu ya mbele, chini ya tumbo, na kule nyuma ndiko Dédé alikokuwa, karibu na kwato. Kuifikia ilibidi upige mbizi chini ya mnyama. Mtu wa kufanya hivyo angehitaji farasi aliyesimama kama nyumba. Kapinga alisogea ubavuni apate kuona. Vidole vyake viligusa tu ukingo wa tandiko.

Farasi akalipuka.

Alimbana Kapinga ubavuni, akamwinua, akamtupa. Maji yakawa povu. Povu lenyewe, Kapinga alipofumbua macho, lilikuwa jekundu, na damu hiyo haikuwa yake wala ya Dédé. Ilikuwa inashuka kutoka chini ya tandiko, mistari miwili, mbichi, juu ya ngozi ya farasi.

Ndipo akaelewa. Huyu mnyama hakutimka kwa sababu ya honi, wala kelele za Dédé peke yake. Kuna kitu kinamla mgongoni tangu asubuhi, na kila tandiko likisukumwa, kinamla zaidi. Na yeye Kapinga, mtoto wa mtu wa farasi, hakupitisha mkono chini ya tandiko kabla ya kupanda. Siku zote Dédé ndiye aliyetandika. Alimwamini, akapanda. Baba yake angekuwa hai angemzaba kofi, na yeye mwenyewe alitamani alipate hilo kofi.

"Papa Jairos," alisema bila kugeuka. "Kisu yako. Usitupe. Uniletee. Kuja vile nilikuja miye."

Basi Nchelenge yote iliona kitu cha kusimulia. Jairos, ambaye akipita sokoni watu wanampisha, alimpa farasi mgongo wake mpana, akarudi kinyumenyume, kisu amekishika nyuma ya makalio, anataja vyakula kwa Kibemba. Hakuna aliyecheka. Kapinga alikipokea. Alipumua. Alirudi tena kwenye shingo, akakuna, akasubiri kichwa kishuke, na wakati huo wote Dédé hakukohoa hata mara moja.

Kamba alijua haifikii. Mkanda wa tumbo aliufikia. Alipitisha kisu kati ya mkanda na ngozi, makali nje, akavuta kwa nguvu zote za mkono mmoja. Ulikatika. Tandiko likateleza upande, likaanguka majini.

Mwela alitetemeka kutoka kichwani mpaka mkiani. Kisha akasimama. Alisimama kabisa, akaweka paji la uso kwenye kifua cha mwanamke aliyevunjika bega, akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Sasa!" Kapinga alisema.

Jairos akazama chini ya tumbo la farasi. Akakaa huko. Akakaa. Alipoibuka upande wa pili alikuwa amembeba Dédé begani kama gunia, na kamba ameikata kwa meno ya msumeno wa kisu chake kidogo cha pili, kile cha kuparia samaki. Dédé alikuwa na rangi ya majivu.

Walimlaza mchangani. Jairos alimgeuza, akamkandamiza mgongo, akampiga kati ya mabega mpaka watu wakasema utamuua. Maji yakatoka. Mengine yakatoka. Halafu Dédé akatapika, akavuta hewa kwa sauti mbaya kuliko zote, na Kapinga akaanguka juu yake, akamtukana, akambusu, akamtukana tena. Mkono wa kulia wa Dédé ulikuwa umechunika mpaka kwenye kifundo, mifupa inaonekana. Lakini alikuwa hai. Haya, yule mama wa sokoni, umeridhika?

Usiridhike bado.

"Hii ni nini?"

Goodson alikuwa amesimama pembezoni mwa maji. Mpundu, dereva wake, alikuwa amelivuta tandiko nchi kavu na kuligeuza. Kwenye kitambaa cha chini zilikuwa zimeshonwa ndoano, kubwa, zile za kuvulia kambale, zimetazama chini. Mtu akikaa juu, zinazama kwenye nyama. Goodson alizitazama, na uso wake wenye pua iliyovunjika ukabadilika rangi.

"Ni miye nilikuwa napanda leo," alisema polepole. "Miye. Mutu alitaka kuniua mbele ya harusi yangu. Ndoano hizi nani anazitumia hapa?"

Kila mtu alijua. Pale pwani ndoano za ukubwa ule alikuwa nazo mvuvi mmoja tu. Macho yote yakaenda kwake.

"Awe, hapana," Jairos alisema. "Goodson, awe. Ni zangu, lakini hapana miye—"

Hakumaliza. Mpundu alimpiga ubapa wa panga mdomoni. Wapakiaji wa Goodson wakamrukia, na kundi la watu, wale wale waliokuwa wanamshangilia dakika moja iliyopita, nalo likaingia. Mtu aliokota ule mti wa kutumpulia. Sasa mshindo haukuwa wa maji. Ulikuwa wa mbavu. Jairos aliinuka mara moja, akaangushwa, akajikunja, akaficha kichwa, na mtu akaita leteni tairi tumchome.

"Wanamuua!" Kapinga alishtuka. "Dédé, banamuua! Alikutoa mu maji, na banamuua!"

Alitaka kusimama. Mkono mzima wa Dédé ukamshika nguo.

"Yaya, dada yangu. Nyamaza."

"Nini?"

"Ni miye." Sauti yake ilikuwa pumzi tu. "Nilikamata ndoano ku sanduku ya Papa Jairos. Nilishona. Ni Goodson alipaswa kupanda. Kiisha nikaona ni weye unatia muguu… nikakimbia."

Kapinga alimtazama. Hakuelewa, au alielewa na akakataa.

"Juu ya nini, Dédé? Ule mutu anatupa kazi!"

"Juu ya Chouchou."

Chouchou alikuwa mke wa Dédé. Walipovuka kutoka Kilwa, ile ya Kongo, wakikimbia vita, Kapinga alikuwa kwenye boti nyingine, na alipofika Zambia aliambiwa kwamba wimbi lilimchukua shemeji yake, na mimba yake. Miaka yote amelilaani wimbi.

"Haikukuwa wimbi," Dédé alisema. "Nilikudanganya, juu ungemufuata Goodson na ungekufa. Boti ilikuwa ya Goodson. Yeye mwenyewe alikuwa ku moteur, anaendesha. Tulijaa sana, maji ikaanza kuingia. Alisema mwenye mimba ana uzito ya batu babili. Alimusukuma na kasia, yaya. Chouchou akashika boti, Goodson akamupiga ku vidole. Batu balinikamata. Nililia jina yake mpaka ng'ambo. Goodson haangalie sura ya mukimbizi, ata leo hanijue. Lakini ile jina aliisikia."

Nyuma yao Jairos alitoa sauti ambayo mwanaume mzima haitoi. Tairi lilikuwa linakuja, linabingirishwa na mtu aliyekuwa anacheka.

Kapinga akisema kweli, Dédé anaingia ndani ya lile tairi. Akinyamaza, Jairos anaingia. Alijaribu kumchukia mdogo wake, akashindwa. Alijaribu kunyamaza, akashindwa pia. Alitoa vidole vya Dédé kwenye nguo yake, kimoja kimoja, akasimama. Mwela, aliyekuwa amesimama kwenye maji madogo bila kushikwa na mtu, akatoka, akamfuata nyuma.

Watu walipomwona farasi walifungua njia wenyewe. Mti ukabaki hewani. Jairos alikuwa chini, jicho moja limefunga, lingine linamtafuta.

"Mumuwache Papa Jairos," Kapinga alisema. "Ni miye nilizishona ndoano."

Hata mwenye tairi alisimama.

"Weye?" Goodson alisema. Alicheka kidogo, damu ikamrudia mdomoni. "Weye mama? Miye nakulisha, na weye unaniua? Juu ya nini?"

Kapinga alimkaribia mpaka akasikia harufu ya manukato yake ya harusi. Bega lilimuuma hadi akaona giza. Alimtazama machoni, moja kwa moja, vile ambavyo farasi hatazamwi.

"Juu ya Chouchou," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Goodson hakuuliza Chouchou ni nani. Alinyoosha mkono pembeni bila kugeuka, akachukua panga la Mpundu.